Sahani ya Kaure Mjini Damascus

Masheikh, walimu wangu, kina mama, wazee, na nyinyi vijana mliokosa viti mkakaa ngazini: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na wageni wetu wasio Waislamu, karibuni sana. Leo sikuja kutoa mawaidha, nimekuja kusimulia historia.

Nimeombwa nizungumzie historia ya jamii za Kiislamu duniani, na nimepewa saa moja. Nimepiga hesabu: miaka zaidi ya 1,400 kwa dakika 60, maana yake kila dakika nibebe miaka 23 na ushei. Haibebeki. Wanaoijaribu kazi hiyo huishia kusoma majina: Bani Umayya, Bani Abbas, Wafatimi, Waseljuki, Wamamluki, Waosmani. Msikilizaji anarudi nyumbani na wafalme kumi kichwani, na hajui hata mmoja wao watu wake walikula nini.

Mimi naomba ruhusa nisiingilie mlango wa ikulu. Nitapita uani, kwenye wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe ameifunga isiuzwe wala isirithiwe ili mapato yake yaende kwenye heri, na nitaanza na sahani iliyovunjika.

Mwaka 1325 kijana wa miaka 21, Ibn Battuta, alitoka kwao Tangier, Moroko, akielekea Makka kuhiji. Mwaka uliofuata alifika Damascus. Siku moja akikatiza kichochoro akamkuta mtoto mtumwa amesimama, sahani ya kaure ya China imemponyoka na kupasuka vipande vipande. Watu wakajaa. Mmoja akamwambia mtoto: usilie, okota vipande hivyo, upeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Mtoto akaokota, na mtu yule akafuatana naye. Msimamizi alipoviona vile vigae akatoa pesa za kutosha kununua sahani nyingine. Ibn Battuta anasema bwana wa mtoto yule asingeacha kumpiga, au kwa uchache kumkaripia, na wakfu ule ulikuwa dawa ya mioyo.

Hebu fikirini. Kuna mtu mjini humo, jina lake halikutajwa, aliyekaa akawaza: watumwa na watumishi huvunja vyombo, wakivunja hupigwa. Akachukua duka lake, au bustani, au sehemu ya nyumba, akasema kodi ya mali hii, tangu leo mpaka siku ya Kiyama, ilipe vyombo vilivyovunjwa na watu kama hao. Na haukuwa wakfu huo peke yake. Msafiri wetu anataja wakfu za kuwalipia wasioweza kwenda hija, za kuwaandalia mabibi harusi maskini wanaoozwa, za kuwakomboa mateka, za kuwapa wasafiri chakula na nguo, za kutengeneza njia za mji na kuweka mawe pembeni ili watu wa miguu wapite kando na wanyama katikati.

Ila tusikimbilie kusifu. Jamii hiyohiyo iliyomhurumia mtoto kwa sahani haikuona ajabu kwamba mtoto ni mtumwa. Ilimwekea mfuko wa vyombo, haikumwekea uhuru. Mambo haya mawili nitaomba tuyabebe pamoja jioni hii yote, kwa sababu historia yetu tukiinyoosha sana inakuwa hadithi ya kulalia.

Ninachotaka kusema ni hiki. Dola za Kiislamu zimeanguka mara nyingi, tena vibaya, na mara nyingi jamii zilizokuwa chini yake hazikuanguka pamoja nazo. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba shule, maji, dawa na mlo wa fukara havikuwa mfukoni mwa mfalme. Vilifungwa kwenye shamba, kwenye duka, kwenye kinu, kwenye hamamu, yaani bafu la umma. Na shamba liliponyang'anywa, ndipo jamii zenyewe zilipotikisika.

Asili ya wakfu mnaijua. Umar bin Khattab alipata ardhi Khaybar, akaona hajapata kuwa na mali nzuri kama ile. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza aifanyeje. Akaambiwa: ukipenda, izuie asili yake na uyatoe sadaka mazao yake. Umar akafanya hivyo: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, mazao yaende kwa mafakiri, jamaa, kukomboa watumwa, njia ya Mwenyezi Mungu, wasafiri na wageni, na anayeisimamia anaruhusiwa kula kwa wastani bila kujilimbikizia. Kwenye maneno hayo machache mafakihi wa baadaye, yaani wanazuoni wa sheria, walijenga elimu nzima. Na wala hawakukubaliana mara moja. Imamu Abu Hanifa hakuona kwamba wakfu kwa wenyewe unamfunga mtu asiweze kuurudisha. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akashika rai nyingine, na rai ya kufunga ndiyo iliyotawala. Baadaye ukazoeleka msemo wa kifiqhi kwamba sharti la mwenye kuwakifu ni kama nassi ya Mweka Sheria, yaani kama andiko lenyewe la dini. Uwekeni akilini msemo huo, maana ndio uliokuja kuwa nguvu ya wakfu, na ndio uliokuja kuwa ugonjwa wake.

Twende Baghdad. Mwaka 1234 Khalifa al-Mustansir alifungua madrasa kando ya Mto Tigris, Mustansiriyya, yenye nafasi kwa madhehebu zote nne za Sunni chini ya paa moja, ikawa na maktaba, na saa ya maji mlangoni ya kuonyesha nyakati za sala. Miaka 24 baadaye, Februari 1258, Wamongoli wakiongozwa na Hulagu wakaingia mjini. Khalifa aliyekuwepo akauawa, na watu wengi mno pamoja naye. Vitabu vingi vya historia hufunga sura hapo kwa maneno mazito: mwisho wa zama za dhahabu.

Sasa, mwaka 1327 Ibn Battuta yuleyule anapita Baghdad. Khalifa hayupo tena. Sehemu kubwa ya mji ni magofu. Na madrasa ya Mustansiriyya inasomesha! Anaieleza kama mtu aliyeketi ndani: kila madhehebu ina ukumbi wake, mwalimu amekaa chini ya kuba dogo la mbao, juu ya kiti chenye zulia, amevaa nguo nyeusi na kilemba, kwa utulivu na heshima, kulia kwake na kushoto kwake wamekaa wasaidizi wawili wanaorudia kila anachosema ili walio mbali wasikie. Nani alikuwa akimlipa mwalimu yule? Si yule khalifa aliyezikwa. Mashamba yaliyowakifiwa ndiyo yaliyoendelea kulipa.

Wamongoli wenyewe waliiona nguvu hiyo. Hulagu alimpa Nasir al-Din al-Tusi, mwanachuoni wa Kishia aliyebobea katika falaki na hesabu, usimamizi wa wakfu, na sehemu ya mapato ikaenda kujenga na kuendesha kituo cha kuchungulia nyota kule Maragha, kilichoanza kujengwa mwaka 1259. Yaani mwaka mmoja tu baada ya Baghdad kuanguka, pesa za wakfu zilikuwa zinajenga mahali pa kupimia mwendo wa sayari. Kama mwenye kuwakifu asili alikusudia hivyo, hilo ni swali jingine, na mafakihi walikuwa na la kusema.

Mji nitakaoketi zaidi ni Cairo, kwa sababu Cairo inaonyesha vizuri kwamba heri nyingi zilizaliwa na hofu.

Ibn Khaldun, mwanahistoria kutoka Tunis, alifika huko mwanzoni mwa 1383. Alipewa kufundisha katika madrasa iliyowakifiwa na Salahuddin, iliyoitwa Qamhiyya, na jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la ngano, kwa sababu mashamba yake ya Fayyum yalilisha walimu na wanafunzi kwa ngano. Mtu huyu, ambaye ametembea Maghreb yote na Andalusia akiona elimu inanyauka, akajiuliza: kwa nini hapa Misri elimu imestawi hivi? Jibu lake halina ucha Mungu mwingi. Anasema maamiri wa Kimamluki waliogopa masultani wao wasije wakawanyang'anya watoto wao mali. Mamluki alinunuliwa utumwani, akapanda cheo, akakusanya utajiri, na siku yoyote angeweza kufilisiwa. Basi wakajenga madrasa na zawiya, yaani nyumba za masufi, wakaziwekea wakfu wa mashamba makubwa, wakawaandika watoto wao wasimamizi au wenye fungu. Sultani angeogopa kuligusa shamba la msikiti. Mtoto wa amiri akapata riziki yake, na mwanafunzi kutoka Maghreb au Khurasan akapata mkate na chumba.

Nampenda Ibn Khaldun kwa sababu hiyo. Haoni haya kusema kwamba watu walijenga nyumba ya elimu wakitetea matumbo ya watoto wao.

Hapohapo Cairo ndipo palipokuwa na hospitali ya Sultani Qalawun, al-Mansuri, iliyojengwa mwaka 1284. Inasimuliwa kwamba kabla hajawa sultani aliugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali aliyoijenga Nur al-Din huko mwaka 1154, akaweka nadhiri kwamba akipata ufalme naye atajenga. Akaupata, akajenga. Siku ya ufunguzi aliomba kikombe cha kinywaji, akanywa, akatangaza kwamba amekiwakifu mahali hapo kwa wa daraja lake na wa chini yake: mfalme na mtumwa, askari na amiri, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Kulikuwa na sehemu ya homa, ya macho, ya majeraha, ya wanawake. Hati ya wakfu ilishuka mpaka kwenye mambo ambayo leo tungemwachia muuguzi: pepeo za makuti za kuwapepea wagonjwa wakati wa joto, na chakula cha kila mgonjwa kifike katika bakuli lake mwenyewe lenye kifuniko. Mapato yalitoka kwenye maduka, mahamamu na mashamba. Na mpaka leo, mahali hapohapo katikati ya Cairo kongwe, pana hospitali ya macho.

Doa lake nalo mlijue. Amiri aliyesimamia ujenzi alikuwa akiwakamata wapita njia, hata wenye hadhi, na kuwalazimisha wabebe mawe. Watu wakakwepa barabara ile. Wako maulamaa waliosema waziwazi kwamba jengo lililosimama kwa dhuluma, kuswali ndani yake kuna mashaka.

Kina mama hapa mbele naona wananitazama kwa jicho la "sisi tuko wapi?" Mko kila mahali, ila wasimuliaji waliwaruka. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke mali yake mwenyewe, na mwenye mali anaweza kuwakifu. Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, alitoa mali yake kuchimba visima na mabirika katika njia ya mahujaji kutoka Kufa mpaka Makka, njia inayoitwa kwa jina lake mpaka leo, na akaivutia Makka maji kutoka chemchemi za mbali. Msikiti wa Qarawiyyin wa Fes, uliokuja kuwa moja ya vyuo vya zamani kabisa duniani, kwa mapokeo ya watu wa huko ulijengwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri kwa urithi wa baba yake. Na kama mnataka hesabu badala ya visa: daftari la wakfu za Istanbul la mwaka 1546 lina wakfu 2,517, na 913 kati ya hizo, karibu asilimia 36, ziliwekwa na wanawake. Wengi hawakuwa malikia. Mtu alikuwa na nyumba moja, au akiba kidogo ya fedha.

Fedha, ndiyo. Waosmani walikubali hata wakfu wa pesa taslimu: zikopeshwe kwa faida, faida imlipe msomaji Qur'ani au mwalimu wa watoto. Ugomvi wake katika karne ya 16 ulikuwa mkali. Ebussuud Efendi, mufti mkuu, akaruhusu, akisema watu wameshazoea na kuuvunja ni kuvunja huduma nyingi. Maulamaa wengine, Çivizade na baadaye Birgivi, wakasema hiyo ni riba iliyovikwa kanzu. Nikikaa na wanafunzi wa benki za Kiislamu leo huwa nacheka kimoyomoyo, kwa maana hoja zao nyingi zilishapigiwa kelele zamani.

Mwanamke mwingine ambaye sitamruka ni Hürrem, mke wa Sultani Suleiman. Alifika ikulu akiwa mtumwa, akatoka akiwa mke wa ndoa wa sultani. Mwaka 1552 aliwakifu mjini Jerusalem jumba lenye msikiti, vyumba 55 vya kulala wageni, na jiko la kulisha maskini. Vijiji kadhaa vya Palestina, hasa pande za Ramla, viliandikwa vitoe mapato yake. Na hati yake inasomeka kama daftari la mpishi. Asubuhi supu ya mchele, jioni supu ya ngano iliyovunjwa. Kiasi cha siagi, chumvi, vitunguu, dengu na kuni kimetajwa. Usiku wa kuamkia Ijumaa na siku za Ramadhani watu wapewe wali na zerde, wali mtamu wa asali na zafarani. Maskini 400 wapewe mkate na upawa mmoja wa supu, mara mbili kwa siku. 

Jiko hilo limevuka masultani wote waliobaki wa Waosmani, likavuka Waingereza, na limeendelea kugawa chakula katika zama zetu. Lakini kama ilivyo desturi ya binadamu, nafasi ya kula hapo nayo ikawa cheo: wakubwa wa mji walitaka fungu lao la mkate, na wakalipata.

Msidhani hali ilikuwa moja kila mahali. Timbuktu, kwa mfano, elimu yake ilisimama zaidi juu ya ukoo na biashara. Ahmad Baba, mwanachuoni wa huko aliyehamishwa kwa nguvu kwenda Marrakesh baada ya jeshi la Moroko kuivamia Songhai mwaka 1591, alilalamika kwamba wamemnyang'anya vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko za jamaa zake. Hebu fikirini kubwa ilikuwaje. Kaskazini mwa Nigeria ya leo, katika dola ya Sokoto, Nana Asma'u, binti wa Usman dan Fodio, hakujenga jumba lolote la kusomeshea wanawake. Aliwafunza walimu wa kike waliotembea vijijini na mashairi vichwani, na mashairi ndiyo yaliyokuwa darasa. China, Waislamu wa Kihui walikuwa na misikiti inayojitegemea kwa ardhi na maduka yake, jamii yenyewe ikimwalika imamu, ambaye wao humwita ahong. Na mji wa Kaifeng una msikiti wa wanawake wa mwaka 1820, wenye imamu mwanamke. Katika pwani ya Afrika Mashariki Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alilazwa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu, kabla hajaendelea Mombasa na Kilwa. Kwa hiyo mtu akisema "jamii ya Kiislamu" kana kwamba ni moja, muulizeni: ipi?

Sasa nije kwenye ugonjwa. Ule msemo kwamba sharti la mwenye kuwakifu ni kama nassi ulilinda mali isiliwe, lakini ulimpa maiti mamlaka makubwa mno juu ya walio hai. Hati ikisema supu, ni supu, hata kama mji sasa una njaa ya vitabu. Ikisema taa za mafuta, msimamizi anayetaka kufanya vingine ni lazima amtafute kadhi na hila ya kisheria. Wako wachumi wanaosema ndiyo sababu mojawapo mali nyingi za Waislamu zilikaa mahali zilipo huku Ulaya inaunda makampuni. Mimi naona wanazidisha, kwa sababu kadhi mwenye akili alikuwa na njia nyingi za kulegeza. Hata hivyo hoja yao si ya kutupwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wasimamizi walikula. Makadhi wengine waliandika kwamba jumba zima zuri limekuwa gofu, ili libadilishwe kwa kiwanja kisicho na thamani, na mkubwa fulani alichukue. Maduka yalipangishwa kwa mikataba mirefu hivi kwamba mpangaji akawa ndiye mwenye mali na wakfu ukawa unapokea kodi ya kununulia mshumaa. Na wakfu wa dhuria, yaani wa kizazi cha mtu, mara nyingine ulitumika kuwakwepa mabinti katika mirathi: Qur'ani imempa binti fungu lake, baba anaandika wakfu wa wana wa kiume na wana wao. Haya tuliyafanya wenyewe kabla hajaja mkoloni yeyote, na ni aibu kila tukihadithia kuporwa tukiruka ukurasa huu.

Kisha wakaja wenye nguvu. Wa kwanza kati ya wakubwa wa zama mpya alikuwa Mwislamu: Muhammad Ali wa Misri, ambaye baada ya 1809 alitia mkono kwenye ardhi za wakfu ili apate pesa za jeshi na miradi yake. Mjini Istanbul mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili aliziweka wakfu kubwa chini ya wizara moja. Mapato yakapita hazina kwanza, yakirudi misikitini yamepungua.

Algeria ndiyo inayouma zaidi. Wafaransa walitua mwaka 1830, na kabla mwaka haujaisha wakaanza kuziweka mali za wakfu chini ya serikali yao, zikiwemo zilizowakifiwa kwa ajili ya Makka na Madina, zilizokuwa kubwa kuliko zote mjini Algiers. Msikiti wa Ketchaoua ukafanywa kanisa. Ulirudi kuwa msikiti mwaka 1962. Kilichofuata sitaki mkisikie kutoka kwangu, kisikieni kwa Mfaransa. Alexis de Tocqueville, ambaye alikuwa akiunga mkono utawala ule, alikiri katika ripoti yake bungeni mwaka 1847 kwamba mapato ya nyumba za heri yameshikwa na kutumiwa kwa mengine, shule zimeachwa zife, walimu wametawanyika, na kwamba taa zimezimika pande zote. Shule ya watoto ya mtaani ilikuwa inalipwa na kodi ya duka. Duka likachukuliwa, na mwalimu akaondoka. Hapakuhitajika amri ya kuifunga.

Uingereza ilipita njia ya mahakama. Mwaka 1894 majaji wa Baraza la Malkia mjini London walihukumu, katika kesi kutoka Bengal, kwamba wakfu wa kizazi ambao maskini wamewekwa mwisho kabisa ni batili, kwa sababu si sadaka ya kweli. Waislamu wa India waliona majaji wa mbali wanawafundisha maana ya sadaka. Wakili kijana Muhammad Ali Jinnah akaibeba hoja yao katika baraza la kutunga sheria la India, na mwaka 1913 sheria ikapitishwa kuzirudisha. Afrika Mashariki hukumu ileile iliendelea kufuatwa na mahakama za kikoloni mpaka miaka ya 1950.

Na uhuru ulipokuja, je? Uturuki ya Jamhuri, siku ileile ya tarehe 3 Machi 1924 iliyofuta ukhalifa, iliifuta pia wizara ya sharia na wakfu. Syria ilifuta wakfu wa dhuria mwaka 1949, Misri 1952, na Tunisia ikazifuta zote baada ya uhuru wa 1956. Mwaka 1961 Azhar ya Cairo, iliyoanza kama msikiti wa Wafatimi mwaka 970 na kupokea wakfu za karne baada ya karne, iliwekwa kwa sheria chini ya dola, ikaongezewa vitivo vya udaktari na uhandisi. Faida zake zipo: mtoto wa mkulima akasoma udaktari Azhar. Lakini sheikh akawa mwenye mshahara wa mwezi, na mwenye mshahara hupima maneno. Vijana wanaponiuliza kwa nini katika nchi nyingi mtu haamini fatwa ya mufti wa serikali, naona jibu halianzi kwenye itikadi. Linaanzia kwenye nani anamlipa mufti.

Nimebakiwa na dakika chache, na kuna kisa kimoja nilikiweka cha mwisho kwa makusudi.

Mwaka 1809 bwana mmoja kutoka Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra, nchi ambayo mahujaji wake walisafiri miezi kwa jahazi na merikebu, aliwakifu nyumba mjini Makka karibu na Msikiti Mtukufu. Wanamwita Habib Bugak. Masharti yake: nyumba iwe ya kufikia mahujaji wa Aceh na Waaceh wanaosoma Makka. Nyumba ile ilibomolewa msikiti ulipopanuliwa. Fidia ikalipwa, wasimamizi wakanunua viwanja vingine, vikajengwa mahoteli. Aceh nayo katika muda huo imepigana na Waholanzi kwa miongo, ikaingia katika Indonesia, ikapigana tena, ikapigwa na tsunami ya Desemba 2004 iliyoua watu wengi kupita kiasi. Na mnamo 2006, mahujaji wa Aceh wakaanza kugawiwa mapato ya hoteli zile, riyali zaidi ya elfu moja kila mmoja.

Mzee wa Aceh anapanga foleni Makka, anaonyesha kadi yake, anatia saini, anahesabiwa noti mkononi. Anauliza zimetoka kwa nani. Anaambiwa: kwa mtu wa kwenu, alikufa zamani.

Nimeona mwadhini ananyanyuka. Maswali tutayachukua baada ya sala, na aliye na hati ya wakfu ya babu yake nyumbani, hata kama imeliwa na mchwa nusu, naomba anione kabla hajaondoka.